Kiti cha Dereva Asiyesafiri: Somo la Kani katika Kiunzi cha Mbao

Mtu anapokaa kitini aghalabu hudhani kwamba kiti kina kazi moja tu, nayo ni kuubeba uzito wake. Dhana hiyo yatosha kwa kigoda cha jikoni au benchi la barazani. Haitoshi kwa kiti cha dereva wa gari, wala kwa kiti cha mchezo wa video wa mbio za magari, ule unaochezwa kwa usukani na vikanyagio mbele ya televisheni. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujiundia kiti cha namna hiyo kwa mbao na vifaa vinavyopatikana katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Lakini shabaha yake hasa ni kanuni moja ya fizikia, ambayo mwandishi ameifundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na bado hakuitambua ilipokuwa imekaa mbele ya macho yake.

VITI VIWILI VILIVYOVUNJIKA

Katika likizo moja nilikwenda mjini Tarime kumtembelea dada yangu. Mwanawe, kijana wa miaka 17, alikuwa amepata usukani wa mchezo uliokwisha kutumika, pamoja na vikanyagio vyake. Aliufunga usukani mezani, akaviweka vikanyagio sakafuni, akakalia kiti cha plastiki. Kila alipokanyaga breki, vikanyagio viliteleza kwenda mbele. Akavisogeza mpaka vikagusa ukuta. Safari hii kiti ndicho kilichorudi nyuma. Basi akaunda kiti cha mbao kizito, chenye kiegemeo kirefu cha mgongo, akakipigilia misumari kwa uangalifu. Siku ya tatu kiegemeo kiling'oka naye akaanguka chali.

Dada yangu akaniambia, "Kaka, wewe ndiye msomi wa mambo haya. Ama umfundishe mpwa wako, ama nikiuze hicho kidude kabla hakijamvunja shingo."

Nilikitazama kiti nikatoa hukumu upesi: mbao ni nyembamba. Tukanunua mbao zenye unene maradufu, tukakiunda upya kwa umbo lile lile. Kiti hicho cha pili, ambacho naweza kukiita kiti cha daktari wa falsafa, kilidumu juma moja. Ubao haukuvunjika hata kidogo. Misumari ndiyo iliyochomoka, kama ilivyochomoka mara ya kwanza.

Seremala mzee, jirani ya dada yangu, alikigeuzageuza kile kiti, akasema kwa upole, "Mwalimu, ubao hauna kosa. Mmeuacha peke yake." Maneno hayo ndiyo kiini cha somo letu.

KITI CHA MAFUNZO SI JAMBO JIPYA

Kabla ya kuingia katika hesabu, yafaa tukumbuke kwamba chombo cha kujifunzia mwendo bila kusafiri kina historia ndefu, na kwamba kilianzia katika karakana ndogo. Mwaka 1929, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, Marekani, kijana Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na ogani, alikamilisha kiti cha kujifunzia urubani. Kiti hicho kilikuwa ndani ya ndege bandia iliyokaa juu ya mivukuto ya hewa, ya aina iliyotumiwa katika ogani. Rubani alipogeuza usukani, mivukuto ilijaa au kupungua hewa, na ndege ikainama upande unaotakiwa.

Mwanzoni chombo hicho kilinunuliwa zaidi na wenye viwanja vya michezo, watu wakikipanda kwa kujifurahisha. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa walipokuwa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi hilo lilinunua vyombo 6. Katika Vita Kuu ya Pili malaki ya marubani walifunzwa humo. Kwa hiyo asiyedharau mchezo hajakosea. Kilichotazamwa leo kama mchezo chaweza kesho kuwa shule.

Mbio za magari nazo si jambo geni kwetu. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Si ajabu kwamba kijana wa Tarime, aliye karibu na mpaka wa Sirari, anatamani usukani.

KANI ZILIZOFICHIKA

Sasa turudi kwenye vikanyagio vilivyoteleza. Tutahesabu kwamba kilo 1 ina uzito wa newtoni 10 hivi.

Vikanyagio vya kijana wetu vina kilo 3, yaani uzito wa newtoni 30. Msuguano wa juu kabisa kati ya kitu na sakafu hupatikana kwa kuzidisha uzito wake kwa kizigeo cha msuguano. Kwa sakafu ya saruji iliyolainishwa tuchukue kizigeo cha 0.4. Basi:

Msuguano = 30 x 0.4 = newtoni 12.

Mguu wa mchezaji anayefunga breki kwa kiasi husukuma kwa kani ya newtoni 200 hivi. Hata tukikubali kwamba mguu pia hukandamiza vikanyagio kidogo kuelekea chini, newtoni 12 haziwezi kushindana na newtoni 200. Vikanyagio vitateleza tu.

Vikisogezwa ukutani, ukuta huvizuia. Lakini Isaac Newton alitufundisha, katika kitabu chake cha mwaka 1687, kwamba kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na kinyume chake. Mguu unapousukuma ukuta, ukuta nao huusukuma mguu, na kani hiyo hupita katika mguu, katika nyonga, mpaka katika kiti. Kijana ana kilo 60, yaani newtoni 600. Tuchukue kwamba uzito wote uko juu ya kiti. Msuguano wa miguu ya kiti ni 600 x 0.4 = newtoni 240. Hii ndiyo sababu kiti cha plastiki kilivumilia breki ndogo ya newtoni 200, ila mchezaji aliposhikwa na hamasa akakanyaga kwa newtoni 400, kiti kilikimbia.

Msomaji atauliza: je, dawa si kuongeza uzito wa kiti, au kukifunga sakafuni? Dawa hiyo yaweza kufaa, lakini ni ya mtu asiyeitazama njia nzima ya kani. Tazama mtumbwi wa mvuvi katika Ziwa Viktoria. Mvuvi akikaa ndani yake na kuusukuma ubao wa mbele kwa miguu, huku mgongo wake umeegemea ubao wa nyuma, mtumbwi hautasafiri, hata kama maji hayana msuguano wa maana. Kani ya miguu inakwenda mbele, kani ya mgongo inakwenda nyuma, na zote mbili zinakutana katika mbao za ubavuni. Zimemalizana ndani ya mtumbwi wenyewe.

Hapa ndipo ilipo kanuni yetu: vikanyagio na kiti viwe kitu kimoja. Viunganishwe kwa mihimili ya chini, na kani ya mguu itarudi kwenye mgongo kupitia mihimili hiyo, bila kuisumbua sakafu wala ukuta. Kiunzi cha namna hiyo hakina haja ya kuwa kizito. Kinahitaji tu kutokatika mahali popote katika mzunguko huo: mguu, kikanyagio, mhimili, kiegemeo, mgongo.

KWA NINI KIEGEMEO KILING'OKA

Mnyororo hukatika penye pete dhaifu. Katika viti vyetu viwili pete dhaifu ilikuwa ni kiungo cha kiegemeo.

Tuchukue kani ya newtoni 400 inayosukuma kiegemeo kwenda nyuma, mahali palipo sentimita 40 juu ya kiungo. Kiegemeo hufanya kazi ya wenzo, na momenti yake ni:

400 x 0.40 = newtonimita 160.

Kiungo kilishikwa na misumari ya juu na misumari ya chini, iliyoachana kwa sentimita 8. Ili momenti hiyo izuiwe, kani inayovuta misumari ya juu lazima iwe:

160 / 0.08 = newtoni 2,000.

Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 200 ulioning'inizwa kwenye misumari michache, tena ukiivuta kwa urefu wake, yaani upande ambao msumari una udhaifu mkubwa kuliko wote. Unene wa ubao haumo kabisa katika hesabu hii. Ndiyo maana mbao nilizozinunua kwa fedha nyingi hazikusaidia kitu.

Seremala alichukua kipande cha ubao, akakiweka mshazari: ncha ya juu nyuma ya kiegemeo, pale pale mgongo unapokandamiza, na ncha ya chini kwenye mhimili wa sakafuni, kwa pembe ya nyuzi 45. Sasa kani ya newtoni 400 haiendi kwenye misumari. Inateremka katika ubao wa mshazari, na mkandamizo ndani yake ni 400 / 0.707, yaani newtoni 566 hivi. Ubao mkavu wa kawaida hustahimili mkandamizo huo bila taabu. Kutoka newtoni 2,000 za kuchomoa tumefika newtoni 566 za kukandamiza, kwa kipande cha ubao kilichokuwa kikingojea kutiwa jikoni.

Siri yake ni pembetatu. Funga vijiti 4 kwa kamba katika pembe zake, upate umbo la mstatili. Ukiusukuma kwa kidole hulala upande, ingawa hakuna kijiti kilichovunjika. Funga vijiti 3 upate pembetatu. Haitalala mpaka kijiti kimoja kivunjike au fundo lifunguke. Wajenzi wa mapaa ya nyumba zetu wanalijua jambo hili kwa mikono. Mimi nililijua kwa kalamu, na kalamu haikufika karakanani kwa wakati.

UJENZI WENYEWE

Vipimo vifuatavyo vyamfaa mtu mwenye urefu wa kati ya sentimita 160 na 180. Aliye mfupi au mrefu zaidi avirekebishe.

1. Mihimili ya chini. Chukua mbao 2 za inchi mbili kwa nne, kila moja sentimita 150. Ziweke sambamba, zikiachana kwa sentimita 50, uzisimamishe kwa ubavu wake mwembamba, kwani ubao uliosimama hupinda kidogo kuliko uliolala. Ziunganishe kwa mbao 3 za kukatiza: mbele, nyuma na chini ya kiti. Mbao za msonobari au mkaratusi, ambao wengi wetu huuita mlingoti, zafaa, mradi ziwe kavu. Ubao mbichi hujipinda unapokauka, na viungo vyote hulegea.

2. Kiti. Kilicho bora ni kiti cha gari lililokwisha kufa, kwa kuwa kina kiunzi chake cha chuma na kiegemeo kinachorekebishika. Viti kama hivyo huonekana katika gereji za Tarime na Mugumu. Tahadhari: baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti, ambao hufumuka kwa kishindo. Ukiona nyaya zenye plagi ya manjano chini ya kiti, usikifungue wala usikichomelee, chagua kingine. Kiti kikae ili ukingo wake wa mbele uwe sentimita 30 kutoka sakafuni, na wa nyuma sentimita 25. Mteremko huo mdogo humzuia mchezaji asiteleze mbele.

3. Kiegemeo. Ukitumia kiti cha mbao, kiegemeo kilale nyuma kidogo, kikifanya pembe ya nyuzi 100 hadi 110 na sehemu ya kukalia. Kila upande uwe na ubao wake wa mshazari.

4. Nguzo za usukani. Simamisha nguzo 2 za sentimita 65, moja kila upande, uziunganishe juu kwa ubao mpana wa kufungia usukani. Mchezaji huuvuta na kuusukuma usukani. Kwa hiyo kila nguzo nayo ipewe ubao wa mshazari unaoelekea mbele, ili usiyazuie magoti.

5. Ubao wa vikanyagio. Uinamishwe kwa nyuzi 30 hadi 45. Toboa mihimili matundu yanayoachana kwa sentimita 5, ili ubao huu usogezwe mbele au nyuma kwa kufungua boliti. Hivyo kaka na mdogo wake wataweza kukitumia kiti kimoja.

6. Viungo. Tumia boliti za milimita 10 zenye washa pana, wala si misumari. Boliti hupita pande zote mbili na kuzibana. Msumari hutegemea tu msuguano wake na ubao. Baada ya siku chache za kucheza, kaza nati zote tena.

7. Nyayo za kiunzi. Kigoda cha miguu 3 hakiyumbi hata juu ya sakafu ya udongo, kwa sababu nukta 3 daima hukaa katika bapa moja. Kiunzi chetu kina pembe 4, basi huenda kikayumba. Pigilia chini yake vipande vya raba ya tairi, pembe iliyo juu ipewe kipande kinene.

Mwenye kupenda chuma aweza kuchomelea bomba za mraba kwa vipimo hivi hivi. Kanuni haibadiliki. Mrija wa chuma usio na mshazari utalegea kama ubao, ila utachelewa.

BREKI INAYOJIBU

Kuna jambo moja ambalo mchezaji hulalamikia baada ya kiti kukaa imara: breki ni laini mno. Vikanyagio vingi vya bei nafuu vina springi, na springi hufuata kanuni ya Robert Hooke: kani huongezeka sawia na umbali wa kubonyea. Springi inayohitaji newtoni 5 kwa kila milimita, ikibonyezwa milimita 20, itajibu kwa newtoni 100, na mwendo umekwisha.

Breki ya gari halisi haiko hivyo. Kikanyagio huingia kidogo, kisha hukaza, na dereva huongeza kani bila mguu kusogea sana. Ili kuiga tabia hiyo, weka nyuma ya kikanyagio kipande cha raba, kiguswe mwendo unapokaribia mwisho. Kadiri raba inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Mpwa wangu alipata vipande hivyo kwa mchonga katambuga, bila malipo. Lakini raba hiyo isingefaa kitu katika kiti chake cha kwanza, kwa kuwa breki ngumu huhitaji kiunzi kisichokimbia.

MWILI WA ANAYEKETI

Kiti kilichoundwa vema kisiwe kisingizio cha kukaa usiku kucha. Goti lisinyooke kabisa breki inapokanyagwa mpaka mwisho. Libaki limekunjwa kidogo, maana mguu ulionyooka hupeleka kani yote kwenye nyonga na mgongo. Kiwiko nacho kikunjwe. Sehemu ya chini ya mgongo iegemezwe kwa mto mdogo. Kila baada ya nusu saa hivi mchezaji ainuke, atembee, ayapumzishe macho kwa kutazama mbali.

JAMBO AMBALO KITI HIKI HAKIFUNDISHI

Kiti cha tatu kilipokamilika hakikuvunjika, na mpwa wangu alifurahi mno. Baada ya majuma machache aliniambia, "Mjomba, sasa mimi ni dereva. Nikipata leseni nitaomba kazi ya kupeleka watalii Serengeti." Maneno hayo yalinitisha kuliko kiti kilichovunjika.

Siku iliyofuata nilimchukua katika safari ya kwenda Mugumu. Njia hiyo huvuka Mto Mara, na ina mahali pengi ambapo ng'ombe hukatiza bila kumwomba mtu ruhusa. Nilimweka kiti cha mbele, amefunga mkanda. Kundi la ng'ombe lilipotokea nikafunga breki, naye akatupwa mbele mpaka mkanda ukamkamata kifuani. Alishangaa. "Nyumbani nikikanyaga breki," akasema, "mgongo hukandamizwa nyuma. Hapa nimekwenda mbele!"

Hakuna swali la fizikia lililopata kunifurahisha kama hilo. Katika kiunzi chetu kani pekee ni ya mguu, na mrejesho wake huusukuma mgongo nyuma. Katika gari lililo mwendoni mwili nao una mwendo, na gari linaposimama mwili hutaka kuendelea mbele. Kiti cha mchezo hakina mwendo wa kuzuia. Kwa hiyo hakiwezi kufundisha uzito wa mwendo.

Tukahesabu pamoja tulipofika. Umbali wa kusimama baada ya breki kufungwa ni mwendo kasi uliozidishwa kwa wenyewe, ukagawanywa kwa mara mbili ya kizigeo na 10. Kwa kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde, na kizigeo cha 0.7 kwenye lami kavu, umbali ni mita 14 hivi. Kwa kilomita 100 kwa saa ni mita 55: mwendo umekuwa mara mbili, umbali mara nne. Kwenye changarawe inayoteleza, kizigeo kikishuka hadi 0.35, mita 55 huwa 110. Ongeza umbali unaopita kabla mguu haujafika kwenye breki: kwa sekunde 1 tu, mita 28. Katika mchezo, mita hizo zikikosekana, mtu hubonyeza kitufe na kuanza upya. Njiani pana mchungaji, na huyo haanzi upya.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akaomba kalamu ahesabu tena mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, jiundie kiti hiki, au msaidie mwanao kukiunda. Fuata njia ya kani kutoka mwanzo wake mpaka irudipo, usiache ubao wowote peke yake, na fundi akikuambia neno, lisikilize kabla hujanunua mbao nyingine.

MASWALI YA ZOEZI

1. Vikanyagio vya kilo 5 vimewekwa juu ya sakafu yenye kizigeo cha 0.4. Ni kani ipi ya mlalo itakayovianza kuteleza?

2. Ubao wa mshazari umesimamishwa zaidi, ukifanya nyuzi 60 na sakafu. Kani ya mgongo ni newtoni 400. Mkandamizo ndani ya ubao ni kiasi gani, na je, ni heri kuliko nyuzi 45?

3. Dereva amepunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 40 kwa saa. Umbali wa kusimama baada ya breki kufungwa umepungua kwa kiasi gani?

Majibu: (1) Newtoni 20. (2) Newtoni 800; si heri, kwa kuwa ubao unaosimama sana hubeba mzigo mkubwa zaidi. (3) Umebaki robo yake.